Nusu Siku ya Thongsai

20 Oktoba
Bualai, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, amenipa daftari hili niandike kila siku nimekula nini na kama nimepata kizunguzungu. Haya. Leo nimekula wali wa kunata na pilipili. Kizunguzungu nilikipata alipoanza kunipima. Alinipa kidude cha chuma cha kupimia nguvu nikikamue kwa mkono, akautazama mshale, akaandika. Kisha akanitaka niinuke kitini mara tano bila kujishika. Mara ya tatu nilimwambia magoti yangu hayajaajiriwa sarakasi.

"Bibi Khampun, umekonda," akasema. "Hiyo sketi umeizungusha mara mbili."

"Sketi ndiyo imenenepa."

Hakucheka. Nilimwogesha huyu siku aliyozaliwa, na leo ananiuliza kama naweza kuoga mwenyewe. Sikumwambia kwamba juzi nilianguka karibu na mtungi wa maji ya mvua. Angeandika na hilo.

23 Oktoba
Mvua. Wali na samaki wa kuchachua.

28 Oktoba
Leo watawa wamemaliza miezi yao mitatu ya kutolala nje ya hekalu, na kijiji kizima kilikwenda na sadaka. Nilikwenda na wali wangu na ndizi. Kila mtu alipiga magoti. Mimi nilipoanza kushuka, watu watatu walinidaka kana kwamba mtungi unapasuka, wakaniletea kiti cha plastiki chekundu. Nikakaa juu ya vichwa vya watu wote mbele ya watawa, tendo la kukosa adabu ambalo mama yangu angenichapa kwalo.

Thongsai alikuwa chini yangu. "Hongera kwa kupandishwa cheo, dada," akasema. "Leo kiti, kesho machela."

Shamba la Thongsai linapakana na langu. Kila mwaka analichonga tuta la mpaka kwa jembe, kidogo kidogo, kama panya anayekula mkate, na sasa njia ya kupitisha nyati haimpitishi hata bata. Ana mkono wa birika. Ukimwomba pilipili anazihesabu. Nimemtangulia kidogo tu kuzaliwa, naye ananiita dada mkubwa kwa kebehi. Miaka yote hii hakuna mtu aliyenishinda kumpenda kama yeye.

3 Novemba
Wichit amepiga simu. Ndiye mwanangu pekee aliyebaki hai, anafanya kazi kiwanda cha matairi huko Rayong, pwani.

"Mama, mwaka huu nakodi mashine. Inamaliza shamba lako kabla hujameza mate."

"Na mimi nifanye nini?"

"Upumzike."

"Kupumzika nitapumzika sana, usiwe na haraka."

Tukabishana mpaka simu ikapata moto sikioni. Mwishowe tukakubaliana hivi: nikiweza kuvuna kwa ujima kama kila mwaka, nabaki hapa na shamba langu. Nikishindwa, shamba anawakodisha watu wa miwa, na mimi nahamia kwake, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Nimekiona. Ukuta huo ni safi sana.

Kwa hiyo ni lazima niandike kitu hapa, ili Bualai akilisoma daftari aelewe anapima nini. Kijiji hiki kinavuna siku kwa siku. Ukija kukata kwangu siku moja, unanidai siku moja, na siku hiyo nailipa kwa mgongo wangu. Hakuna aliye tajiri wala maskini. Kuna anayedai na anayedaiwa, na kila mtu ni vyote viwili. Nyumba moja tu haidaiwi, nayo ni nyumba yenye msiba. Huko watu huenda na miundu yao na chakula chao, wanakata, wanaondoka, na hakuna anayeuliza habari ya siku yake, maana maiti hana mgongo.

Kuitwa kwenye ujima ndiko kuhesabiwa. Nangojea kuitwa.

5 Novemba
Hakuna aliyeniita.

7 Novemba
Mpunga wa Chanpheng umeiva. Nimeona watu wake wakinoa miundu. Nilipita mbele ya nyumba yake mara mbili, ya pili bila sababu. Nilikula nusu.

8 Novemba
Nimeitwa! Chanpheng mwenyewe, mke wa mwenyekiti, alikuja hadi ngazini. "Mama, kesho tunakuomba shambani kwetu. Mstari haunyooki bila wewe." Nimeunoa mundu wangu mpaka nikajikata kidole, nikafurahi kuona damu bado ina haraka.

9 Novemba
Waliniweka mwisho wa mstari, upande wa kibanda, penye kivuli. Nilikata. Polepole, lakini nilikata, na miganda yangu nikaifunga mwenyewe kwa kamba za mianzi. Mkono wa kulia unakufa ganzi ukikunja sana, basi nikawa nakaza kwa meno. Mwenyekiti Prasoet akapita akasema, "Ng'ombe hazeeki maini! Vijana, tazameni Bibi anavyokata." Wote wakashangilia. Mchana nilikula mafungu mawili ya wali na supu ya mianzi.

Naandika haya nimelala kifudifudi kwa sababu mgongo haukubali namna nyingine. Nimefurahi. Sina haja ya kulificha hilo kwenye daftari langu mwenyewe.

10 Novemba
Siwezi kushika kijiko. Sisi hatuli kwa kijiko, kwa bahati nzuri.

13 Novemba
Siku ya pili kwa Chanpheng. Wamenisifu tena. Chanpheng alisema miganda yangu ni ya kupeleka maonyeshoni. Thongsai, aliyekuwa mstari wa mbele, akageuka akautazama mmoja, akautikisa kwa mguu. "Huu mganda au kilemba cha mlevi?" akasema. Chanpheng akamkaripia. "Mheshimu mtu mzima, Thongsai." Nami nikamshukuru Chanpheng moyoni, nikamlaani Thongsai kwa jina la baba yake.

15 Novemba
Ngoja niiandike hii taratibu.

Siku ya tatu kwa Chanpheng. Jioni tulipoachana nilifika kwenye kisima cha hekalu nikakumbuka kikopo changu cha tambuu, nimekiacha kibandani. Nikarudi. Ninatembea polepole siku hizi na miguu yangu haina kishindo, hiyo ndiyo faida yake.

Walikuwa watatu: Chanpheng, binti yake mkubwa, na mke wa mwanawe. Walikuwa wamechuchumaa upande wangu wa mstari. Wanafungua miganda yangu. Mmoja baada ya mwingine, wanafungua, wanaipanga, wanaikaza kwa goti, wanaifunga upya. Na nyuma yao, pale nilipopita na mundu, mke wa mwanawe alikuwa amekwisha kukata mabua niliyoyaacha.

"Juzi ilikuwa mingi zaidi," binti akasema.

"Fanya haraka," Chanpheng akamjibu. "Na usimwambie mtu. Akijua itamuumiza, maskini."

Hawakuwa wakinicheka. Laiti wangecheka, ningetoka pale nikawatukana nikalala usingizi. Walikuwa wanafanya kwa upole, kama unavyombadilisha nguo mtoto aliyelala ili asiamke. Siku tatu nimevikwa kilemba cha ukoka na mimi nikakivaa, nikatembea nacho kijijini. Maini ya ng'ombe! Na yule Thongsai mwenye mdomo mchafu ndiye peke yake aliyeniambia mganda wangu ulivyo.

Nikakiacha kikopo palepale. Nilirudi nyumbani bila tambuu na mdomo mkavu.

16 Novemba
Sikutoka.

17 Novemba
Bualai amekuja na kidude chake. Nilikikamua kwa hasira zangu zote, na mshale haukujua kama nimekasirika. Ameniambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba ananihamisha. Kuna makundi matatu ya wazee kwenye karatasi zao: wanaozunguka kijijini, wa nyumbani, na wa kitandani. Nilikuwa wa kundi la kwanza. Sasa mimi ni wa nyumbani.

"Ni kwa faida yako, Bibi. Utaletewa maziwa ya unga."

"Nimeachishwa ziwa zamani."

Akaandika. Sijui aliandika nini.

18 Novemba
Kipaza sauti cha kijiji huamka kabla ya jogoo. Kwanza wimbo, halafu bei ya mihogo, halafu Prasoet akakohoa na nikasikia jina langu likienda juu ya mapaa yote.

"Ndugu wanakijiji, Bibi Khampun wetu afya yake si nzuri. Jumamosi sote twende tukamvunie. Chakula tubebe wenyewe, tusimsumbue. Na tafadhali, asidaiwe siku na mtu yeyote. Tufanye kwa moyo."

Nilivaa nikaenda kwake. Nilipumzika njiani mara nyingi, mara moja kwenye ngazi ya Thongsai, ambaye alinitazama tu. Nilimkuta Prasoet anakula.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "umenitangazia matanga."

"Ah, Mama! Tunakusaidia."

"Nikikudai siku, unalipa. Ukinidai, nalipa. Sema hivyo kwenye kipaza sauti."

Alimtazama Chanpheng, na Chanpheng akaangalia sakafu. "Mama," akasema kwa upole, yule mwanamke ana upole usiokwisha, "utalipa na nini?"

Hakusema kwa ubaya. Nilitafuta ubaya ndani ya swali lake ili niukamate, nikaukosa. Nikageuka nikarudi.

19 Novemba
Mvua isiyo ya msimu wake. Mpunga wangu umelala upande wa mashariki. Ukikaa chini siku nyingi utaota mizizi kwenye matope, na mavuno yote yatakuwa chakula cha bata. Nauhitaji ujima na siutaki ujima huu.

20 Novemba
Mvua. Wali. Kizunguzungu kipo.

21 Novemba, Jumamosi
Niliamka mapema nikaweka kaango jikoni bila mafuta, nikamimina mpunga mkavu na maganda yake, nikakoroga mpaka punje zikaanza kupasuka. Bisi za mpunga zina sauti ndogo, kama mtu anayevunja vijiti kwenye chumba cha pili. Nilijaza ungo mzima.

Wakaja. Karibu kijiji kizima, na miundu, na vikapu vya chakula chao migongoni, jinsi watu wanavyokwenda msibani. Prasoet mbele. Walinisalimu kwa viganja vilivyounganishwa na nyuso za huruma.

"Mama, wewe kaa tu," akasema Chanpheng. "Tutamaliza."

"Nawasindikiza," nikasema.

Nikachukua ungo wangu, nikatangulia kwenye njia ya shamba, na kila hatua nikarusha bisi kulia na kushoto. Halafu nikasikia nyayo nyuma yangu zinasimama, moja, nyingine, kisha zote. Hakuna mtu hapa asiyejua bisi za mpunga zinamwagwa wapi. Zinamwagwa njiani maiti anapopelekwa kuchomwa.

"Bibi," Prasoet akasema, uso wake umekuwa rangi ya jivu, "unatuletea mkosi."

"Mkosi upi? Mmekuja kumfanyia kazi maiti. Mna chakula chenu, siku zenu hamdai. Kilichokosekana ni bisi tu, nami nimewaletea."

"Hatukukusudia hivyo."

"Basi nidaini. Mmoja wenu aseme hapa kwamba ananidai siku, na mimi nitazifagia hizi kwa mikono yangu."

Walitazamana. Nilimtazama kila mmoja usoni, na wengi wao nimewapikia wakiwa watoto. Ilikuwa rahisi tu kusema "nakudai". Wangeweza hata kunidanganya, kunidanganya wanakujua. Lakini mtu akidai, lazima aje kupokea, na hakuna aliyetaka kuniona nikiwa mwisho wa mstari wake tena. Mke wa mwanawe Chanpheng, ambaye ni mjamzito, akawa wa kwanza kurudi, akiruka bisi asizikanyage. Wengine wakamfuata. Chanpheng alikuwa analia.

Nilikaa kwenye tuta mpaka jua likawa kali. Nimeshinda, na mpunga wangu bado umelala.

22 Novemba
Asubuhi nimesikia mtu anachakura njiani. Thongsai, na kikapu, anaokota bisi.

"Kuku wangu hawaogopi mkosi," akasema. Alipomaliza akachomoa mundu kiunoni. "Haya, tukakate. Siku moja. Nakudai, na uje siku nitakayosema, usiniletee hadithi za magoti."

Nikauchukua mundu wangu.

"Na chakula nipe cha maana," akaendelea. "Mwaka juzi ulinipa kichwa cha samaki, mwili ukampa Prasoet. Sijasahau."

Tulikata siku nzima, wazee wawili, upande wa mashariki uliolala. Alinitukana kuanzia asubuhi. Mganda wangu ukilegea anaurusha miguuni pangu. "Funga tena." Ninafunga tena. "Tena." Hakuufunga hata mmoja kwa ajili yangu. Mchana alikula samaki mzima na mafungu matatu ya wali, akafunga la nne kwenye jani la mgomba aende nalo nyumbani. Nilimtazama akitafuna nikajiuliza nilikuwa namchukia nini miaka yote.

25 Novemba
Prasoet alimpigia Wichit, na Wichit akatuma mashine. Imevuna sehemu yote iliyobaki wakati wali wangu bado uko kwenye mvuke. Dereva, kijana mgeni, aliuliza shamba la nani. Prasoet akamjibu, "La Wichit." Nilikuwa nimesimama pale pale.

26 Novemba
Wichit: "Mama, tulikubaliana. Baada ya mwaka mpya nakuja kukuchukua."

"Siwezi kuondoka. Thongsai ananidai siku."

"Siku moja?"

"Mtu haondoki kijijini na siku ya mtu mgongoni. Hata baba yako hakufa mpaka alipomaliza za kwake."

Wichit amezaliwa hapa, anajua. Akasema, "Basi lipa siku hiyo, halafu tutazungumza."

29 Novemba
Nimekwenda kulipa. Nilikata kwa Thongsai tangu umande mpaka chakula cha mchana. Nilipoinuka baada ya kula, miguu iligoma na nikakaa chini kwa kishindo, katikati ya jaruba, mundu mkononi. Sikuumia. Sikuweza kuinuka tu. Thongsai alikuja akasimama juu yangu, kivuli chake usoni pangu.

"Umefanya nusu," akasema. "Usije ukasema umefanya siku."

"Nimefanya nusu."

"Bado nakudai nusu."

"Mwakani," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu. "Mwakani, basi. Mavuno yakianza. Nami sitasahau, unanijua."

Ninamjua. Hajapata kusahau hata pilipili moja. Alinivuta mkono nikasimama, akanifikisha ngazini kwangu, njia nzima akilalamika uzito wangu, mimi ambaye sketi inanizunguka mara mbili. Nusu siku! Sijawahi kupewa kitu kizuri hivi na mtu bahili. Mpaka mavuno yajayo siwezi kuondolewa hapa, na ikitokea nikashindwa mwakani, atanidai mwaka wa mbele yake.

30 Novemba
Nimemwambia Wichit kuhusu nusu siku. Akasema, "Nusu tu?" Nikasema nusu ni deni. Nimekula vizuri.

2 Desemba
Baridi imeanza. Samaki, wali, majani ya mkwaju. Nimeanza kusuka kamba za mianzi za mwakani, vidole vinakataa lakini hakuna haraka.

4 Desemba
Kamba. Kizunguzungu hakuna.

6 Desemba
Leo nilimpelekea Thongsai boga. Alikuwa chini ya nyumba anachambua pilipili. Hakuniangalia, na hakulipima boga mkononi kama kawaida yake, ndipo nikajua kuna jambo.

"Mwanao amenitumia hela kwa simu," akasema. "Ya ile nusu siku."

"Ukazirudisha."

Akaendelea kuchambua. Nzuri huku, mbovu kule.

"Thongsai. Ukazirudisha?"

"Alituma nyingi, dada. Zaidi ya nusu siku. Paa langu la jikoni unalijua lilivyo."

"Ulisema mwakani."

"Nilisema." Hapo akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa pilipili. "Mwakani utakuwa wapi? Tusidanganyane, mimi na wewe. Wenzio wote wamekudanganya, mimi sikuwahi."

Ni kweli. Hakuwahi. Nilitaka kumkasirikia, hasira zikaja hadi kifuani zikakosa pa kushika. Nikamwachia boga. Alinisindikiza kwa macho mpaka nilipovuka tuta la mpaka, na hakuwa na tusi hata moja la kunipa.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Wichit. Nimemwambia asingoje mwaka mpya, aje siku yoyote anayoweza. Sidaiwi na mtu.